Unga wa Watu kwenye Mizani

Harufu ya hamira iliyoamka hunikamata popote inaponikuta. Juzi nilikuwa nakatiza nyuma ya duka la mikate hapa Lilongwe, nina haraka zangu, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Ni harufu yenye uchachu kidogo, inaikaribia pombe lakini haifiki, na ndani yake kuna joto la shuka lililotoka kulaliwa. Watu walinipita huku na huku. Mimi nilikuwa nimesharudi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikokulia, kwenye nyumba yetu ya matofali ya udongo, asubuhi, na ndoo ya buluu imewekwa kando ya mbaula, lile jiko letu la makaa, ili ipate joto. Juu ya ndoo kulikuwa na kitenge cha mama, kimekunjwa mara mbili na kuchomekwa pembeni. Baba alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile ndoo ndiyo mtoto anayependwa, maana sisi wengine hatukuwahi kufunikwa kwa uangalifu namna hiyo.

Ndani ya ndoo mlikuwa na rojo la bitumbura. Kama hujawahi kula bitumbura, nakupa pole. Ni ndugu wa mandazi, ila ni vya mviringo, havisukumwi wala havikatwi. Unachota rojo kwa mkono, unabana ngumi, donge linachungulia juu ya kidole gumba, unalidondosha kwenye mafuta. Vikichanganywa sawasawa, vinaiva upande wa chini kisha vinajigeuza vyenyewe, bila kuguswa na mtu. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mle ndani kuna kiumbe anayeona joto limezidi akaamua kulalia ubavu mwingine.

Mama alikuwa ameuza bitumbura sokoni Bukavu tangu akiwa msichana. Alipofika Malawi hakuwa na mengi mikononi. Alikuwa na mimi mgongoni, na alikuwa na gobeleti, kikombe chake cha kupimia. Ilikuwa gobeleti nyeupe ya bati lililopakwa rangi, ukingo wa buluu, imebabuka kando kwa kuanguka mara nyingi. Mapishi yote ya mama yalihesabiwa kwa gobeleti ile. Unga gobeleti tano, maji mbili na nusu, sukari moja, hamira kijiko, chumvi ya kubana kwa vidole. Hakuna kitu kilichopimwa kwa kilo nyumbani kwetu. Kilo ilikuwa ya watu wa ofisi na ya watoto wachanga kliniki.

Wakati ninaokusimulia nilikuwa darasa la tano. Kulikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa pale Dowa Boma, na mama alikwenda na beseni zima la bitumbura, vimefunikwa kitambaa. Kabla ya mchana kwisha akatoka ukumbini mwanamke mmoja mnene, mchangamfu, vidole vinang'aa mafuta, anauliza kwa sauti ni nani aliyepika. Ndiye Mayi Mbewe, yaani Mama Mbewe. Alikuwa na chumba cha chai na jiko la mikate huko Kawale, Lilongwe, na wafanyakazi wake walioka kwa zamu, wakipeleka mikate midogo na mandazi madukani. Kantini ya chuo fulani ilikuwa imemwomba kitu kipya, na hicho kipya alikuwa amekishika mkononi, kimebaki nusu.

Akamwambia mama aje Kawale. Bitumbura vikitoka vizuri kila zamu, mama atakuwa na meza yake jikoni, atakuja kila wiki kupika na kuwafundisha wengine. Mama aliposikia "meza jikoni" alinikamata mkono akaubana mpaka ukaniuma. Uelewe jambo hili vizuri. Tangu aondoke Bukavu, mama alikuwa amepika nje. Upepo wa Dzaleka ukivuma unaleta vumbi jekundu kwenye sufuria, unaulaza moto wako, unauzima unapotaka. Mvua nayo ikija unabeba mbaula inayowaka kuingia ndani, watoto wanakohoa. Usiku ule alimwambia baba maneno ambayo sijayasahau.

"Mi sitaki mambo mingi," alisema. "Nataka tu nipike nikiwa nimefunga mulango."

Basi tulikwenda Kawale, mama na mimi. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nilihitajika kwa sababu ya ulimi. Mama alikuwa na Kiswahili chetu cha Bukavu na Kifaransa cha shule. Mayi Mbewe alikuwa na Kichewa na Kiingereza. Mimi nilikuwa na vipande vya vyote, vya kutosha mtu kununua nyanya au kugombana. Nilivaa gauni la Jumapili. Mama alipanga gobeleti ndani ya mkoba wake kama watu wanavyopanga hati.

Jiko la Mayi Mbewe lilinishangaza. Meza ilikuwa ya chuma, ndefu, imepanguswa mpaka inaonyesha sura yako. Magunia ya unga wa ngano yalisimama juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Na mezani ilikaa mizani, bapa, yenye kioo juu na namba nyekundu, na kitufe ambacho ukikibonyeza namba zote zinarudi kuwa sifuri. Msimamizi wa jiko alikuwa dada mmoja mwembamba aitwaye Tamanda, mwenye kofia nyeupe na asiyependa utani akiwa kazini. Aliniruhusu kubonyeza kitufe mara moja. Nilibonyeza mara kadhaa, akanitazama, nikaacha.

Mayi Mbewe alieleza, nami nikatafsiri: kwake kila kitu kinapikwa kwa gramu, kwa sababu mikono ya wafanyakazi haifanani na vikombe vya Kawale havifanani. Mama achote kama kawaida yake, kila gobeleti itawekwa kwenye mizani, Tamanda ataandika. Baada ya hapo yeyote anaweza kupika bitumbura vya mama Aline (Aline ndiye mimi) hata mama Aline akiwa kwake amelala.

Mama alinawa mikono, akafunga kitenge upya, akalisogelea gunia. Alichota unga polepole. Akapitisha kidole juu ya ukingo wa gobeleti, unga wa ziada ukarudi guniani, akamimina kwenye bakuli la mizani. Gramu mia moja na sabini hivi. Akafanya hivyo tena na tena, na namba zikafuatana vizuri kama wanafunzi mstarini. Ikaja zamu ya maji: karibu mia tatu! Sukari nayo ikaupita unga mbali sana. Mimi nilikuwa nimekua nikijua kwamba gobeleti ni gobeleti, na sasa mizani ilikuwa inaniambia kwamba gobeleti moja inaweza kuwa nyepesi ikibeba hiki na nzito ikibeba kile. Nikamwambia mama kwa mshangao kwamba maji ni mazito kuliko unga.

"Ulikuwa haujue?" mama alisema. "Uliza bale banayabeba kichwani."

Tulirudi Dzaleka tukiwa na furaha, bila kungoja vipikwe. Siku iliyofuata simu ya baba ikalia. Alikuwa Mayi Mbewe, nami nikawekewa simu sikioni. Tamanda amepima kila kitu kwa gramu zilezile, hakuongeza wala kupunguza, na bitumbura vimetoka bapa kama kandambili. Vimetawanyika kwenye mafuta na kuyanywa. Hakuna hata kimoja kilichojigeuza. Nilipomwambia mama, aliniuliza kama nina hakika nimesikia vizuri. Niliudhika. Kutafsiri ni kazi ya lawama, nililijua hilo mapema.

Tulirudi Kawale. Mama alifunua ndoo ya Tamanda, akaingiza mkono, akainua, na rojo likachuruzika katikati ya vidole.

"Hii haiko yangu," alisema.

Akaomba unga. Akaongeza ngumi moja, akachanganya, akaongeza nyingine, akasikiliza kwa mkono kama daktari anavyopapasa tumbo, akaongeza kidogo tena. Alipokaanga, vilitoka vya mviringo, vyekundu, vizuri kabisa. Mayi Mbewe alikula, akafumba macho, akashusha pumzi. Halafu akasema tatizo lake ni hizo ngumi. Ngumi ni gramu ngapi? Na je, mama akipata malaria, ataleta ngumi yake kwa minibasi?

Kwa hiyo wakapima upya. Mama akachota, akapitisha kidole, akamimina. Namba zikawa zilezile za mwanzo. Mama na mizani walikubaliana kabisa, na rojo likakataa. Mama alilaumu unga wa Malawi, akalaumu maji ya bomba, akamaliza na hamira. Lakini unga ulikuwa uleule tunaonunua Dzaleka, na hamira alikuja nayo yeye mwenyewe. Pale ndipo Tamanda aliposogea karibu na Mayi Mbewe akasema jambo kwa Kichewa, chini chini, akidhani mtoto mwenye gauni la Jumapili hasikii.

Mama aliona uso wangu. "Anasema nini?"

Sikutaka kusema. Nikasema hata hivyo, kwa sababu mama alikuwa akinitazama. "Anasema pengine we hautake kubaonyesha yote. Iko kintu unaficha."

Nilitegemea mama angewaka. Nyumbani alikuwa mkali. Wauza mkaa wa Dzaleka walimjua. Lakini alikaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti, na sauti yake ikatoka ndogo nisiyoizoea. "Ambia Mayi mi sina siri," alisema. "Ambia yeye asinikasirikie juu ya bunga yake yenye imepotea."

Mayi Mbewe hakuwa mtu mbaya. Alisema anamwamini. Lakini mwenye kantini angekuja kuonja Ijumaa, na siku hiyo bitumbura vitapikwa na Tamanda, kwa mizani, mama akiwa mbali na ndoo. Visipotoka, atampelekea mandazi ya kawaida na habari itaishia hapo. Tulipanda minibasi kurudi nyumbani. Tulipofika Lumbadzi mama alininunulia muwa, akasahau kuchukua chenji, akaitwa na muuzaji. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Asubuhi yake aliwasha mbaula kama kawaida, kwa sababu huzuni haiwazuii wateja wa Dzaleka kutaka bitumbura. Mimi nilikaa kizingitini nikichambua maharage. Aliingiza gobeleti kwenye gunia letu. Ikaingia kwa kishindo, ikatoka imebeba mlima. Unga ulisimama juu ya ukingo, umechongoka, unamwagika pembeni, na mama akaitikisa kidogo itulie, akaongeza juu yake tena. Hakupitisha kidole. Akamimina, akachota nyingine, mlima uleule.

"Mama," nikamuuliza sababu, "juu ya nini sasa unaweka na kichwa?"

"Kichwa gani?"

"Hicho. Kule kwa Mayi ulikuwa unapangusa na kidole."

"Mi? Apana." Akaitazama gobeleti mkononi kama mtu aliyekabidhiwa sasa hivi. "Nilipangusa?"

"Zote. Mi niliona."

Alifikiri. Kisha akaanza kujitetea, na hapo ndipo lilipotoka. "Ee, lakini ile ni bunga ya bantu, Aline! We utafika kwa bantu, uingize mukono mu gunia yabo, na uchote na kichwa? Batasema uko mutu wa namna gani? Bunga ya bantu unachota..." Mkono ukaenda mdomoni. Akakaa chini palepale mavumbini, na gobeleti yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani yetu Mrundi, Mama Ndayi, akaja mbio akidhani kuna msiba, akakuta mama amelowa machozi na mimi nimemwaga maharage.

Ngoja nikueleze, kama hukulelewa kwetu. Kwetu muuzaji asiyeweka kichwa juu ya kipimo hana mteja wa pili. Kichwa ndiyo matabishi, ile nyongeza ya bure, ndiyo moyo wa mtu unaonekana hapo, na ukipika kwako unaweka kichwa bila kufikiri kwa sababu mkono umezoea. Lakini kitu cha mwenzio kina sheria nyingine. Sukari ya jirani unaichota chini ya ukingo, unasema inatosha, unasukumiwa, unakataa, unasukumiwa tena. Mtoto anayejaza kikombe ugenini anapigwa jicho ambalo litamwasha hadi nyumbani. Mama alikuwa amepima unga wa Mayi Mbewe kwa adabu zote alizofundishwa, na wala hakujua. Maji, kwa bahati mbaya, hayana kichwa. Maji yalibaki yaleyale na unga ukapungua, ndiyo maana rojo likawa jepesi.

"Kumbe siri iko," baba alisema aliporudi kutoka kwenye cherehani yake. "Siri ni adabu. Mumwambie Mayi Mbewe aiandike kwa gramu."

Tulidhani mambo yamekwisha. Ijumaa tulifika Kawale mapema, nikaeleza habari ya kichwa, Mayi Mbewe akapiga makofi kwa kicheko, na hata Tamanda akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Basi, wakasema, apime tena, safari hii na kichwa. Mama akaliendea gunia la Mayi Mbewe. Akachota. Kichwa kilitoka kidogo, cha aibu, kama upara. Tukamwambia aongeze. Akachota nyingine kwa kujilazimisha, likatoka jabali lililoporomoka kabla ya kufika kwenye mizani. Ya tatu ilikuwa katikati. Namba zilirukaruka: mia mbili, mia mbili sabini, mia na themanini na kitu. Kadiri tulivyomtazama ndivyo mkono wake ulivyochanganyikiwa. Jasho lilimtoka puani. Tamanda alikunja mikono. Saa ya mwenye kantini ilikuwa inakaribia, na mama alianza tena kuuweka mkoba wake sawasawa, kama mtu anayejiandaa kuaga.

Nililia, nikwambie ukweli. Nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeuona mlima ule kwa macho yangu na hakuna aliyeweza kuupima.

Chini ya kiti cha mama kulikuwa na mfuko wetu wa unga. Alikuwa ameubeba kutoka nyumbani kumlipa Mayi Mbewe unga uliopotea kwenye majaribio. Aliona haya kuja mikono mitupu. Nikautazama mfuko ule. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametutesa muhula mzima na mafumbo ya kutoa: mzee alikuwa na mbuzi kadhaa, ameuza kadhaa, amebaki na wangapi. Nilikuwa nimewachukia mbuzi wale. Sasa wakanijia wote mbio.

Nikaunyanyua mfuko kwa mikono miwili nikaupandisha kwenye mizani, bila ruhusa ya mtu. "Andika," nikamwambia Tamanda kwa Kichewa. Alishangaa, akaandika. Nikaushusha mfuko juu ya kigoda, mbali na mizani, nikamvuta mama mbele yake.

"Mama, chota tano. Hii ni yetu."

"Na mizani?"

"Achana na mizani. Simulia Mayi ile hadithi ya soko, ya mzee wa gobeleti kubwa. Mi nitatafsiri."

Mama aliielewa akili yangu au hakuielewa, sijui, lakini hadithi ile aliipenda. Ilimhusu mzee mmoja wa Bukavu aliyekuwa akija sokoni na gobeleti yake mwenyewe, kubwa kama sufuria, akitaka auziwe kwa bei ya gobeleti ya kawaida, na siku moja mama akaikubali, akaijaza yote na kichwa juu, kisha akamwomba alete na nyingine kubwa kama hiyo, imejaa pesa, ya kulipia. Nikatafsiri nikipiga chenga penye maneno magumu. Mayi Mbewe akacheka, mama akacheka, na huku anacheka mkono wake ulikuwa unaingia mfukoni na kutoka, unaingia na kutoka, ukibeba mlima baada ya mlima, na jicho lake halikuwa hapo hata kidogo.

Zilipotimia tano nikaurudisha mfuko kwenye mizani. Kilichopungua ndicho alichochota. Tamanda alitoa haraka kuliko mimi, kichwani: kilo moja na gramu mia na hamsini na kitu. Mwanzo tulikuwa na mia nane na hamsini! Akairudia hesabu. Kisha akaniambia turudie na zoezi lenyewe, isije ikawa bahati. Tukamwomba mama hadithi nyingine, akachota nyingine tano, tukapima mfuko. Tofauti ya mara ya kwanza na ya pili ilikuwa ndogo, kijiko cha unga tu. Tamanda akakuna kichwa chini ya kofia. Akanisukumia kalamu. "Andika wewe," akasema. Nikaandika namba kubwa, nikazichorea mstari chini, na mwandiko wangu haujawahi kuwa mzuri vile tena.

Tamanda akapima unga kutoka gunia la Mayi Mbewe, gramu kwa gramu, akachanganya. Mama alikatazwa kusogea. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango akiwa ameikalia mikono yake mwenyewe, na rojo lilipokuwa linaumuka kando ya tanuri alikuwa akilitazama kwa mbali kama mtu anayemwona mwanawe amebebwa na mgeni. Harufu ilipoanza kutoka, ile yenye uchachu kidogo, alinyanyua kidevu. Niliona pua yake ikivuta.

Mafuta yakapata moto. Tamanda akabana ngumi, donge la kwanza likadondoka, likazama, likapanda juu likiwa mviringo. Akafuatisha mengine. Tulisimama wote kuzunguka karai, hata Mayi Mbewe aliyesema moto unamdhuru macho. Vilielea. Ukingo ulianza kubadilika rangi. Mama alikuwa amesimama, sijui saa ngapi. Kisha kimoja kikatikisika, kikainama upande, kikajigeuza chenyewe na kuonyesha tumbo jekundu. Kikafuata cha pili, kikafuata kundi zima, vyote vikipinduka kimoja baada ya kingine bila kuguswa.

Mama alipiga kigelegele. Kilipenya mpaka chumba cha chai, watu wakaja na vikombe vyao kuona ni harusi ya nani. Tamanda alinibeba, yule asiyependa utani, akanizungusha, kofia yake ikaanguka kwenye unga. Mayi Mbewe alikula cha moto, akaunguza ulimi, akaendelea kula. Mwenye kantini alipofika alikula vitatu kabla hajasalimia vizuri, akauliza vinaitwaje, akajaribu kulitamka jina, na kabla hajalipatia akawa ameagiza vya Jumatatu.

Mayi Mbewe akamshika mama mkono, akampeleka kwenye meza iliyo karibu na dirisha. "Hii, amake Aline," alisema, yaani mama wa Aline. Mama aliipapasa. Kisha akaenda mlangoni, akaufunga, akasikiliza komeo linavyoingia, akaufungua, akaufunga tena. Mayi Mbewe aliniuliza anafanya nini. Nikasema anaangalia kama unafungika. Sikujua namna ya kutafsiri zaidi ya hapo.

Wateja wa chumba cha chai walikuwa wameonja na walitaka vyao, kwa hiyo ilibidi kupika tena, na Tamanda alikuwa ameshaanza kuosha mabakuli ya mizani. Mayi Mbewe akamwambia mama apike sasa hivi, kwa mkono wake. Unga wetu ulikuwa umekwisha mfukoni, na ule uliochotwa mama alikuwa ameshamlipa Mayi Mbewe. Mama akachukua gobeleti, akaenda kwenye gunia la Mayi Mbewe, akaizamisha. Ikatoka na kichwa. Akaitikisa, akaongeza juu, akamimina, akachota nyingine, huku akimuuliza Tamanda kwa ishara chumvi iko wapi.

Mimi nilishangilia namba. Kwa miaka mingi niliposimulia siku ile nilisimulia habari ya kutoa, mbuzi wa mwalimu, na jinsi mtoto wa darasa la tano alivyoipata hesabu. Nilijivuna, na bado najivuna. Lakini baada ya kukua nilianza kazi hapa mjini, ofisini, mahali ambapo mimi peke yangu ndiye ninayetoka Dzaleka. Saa ya chai kuna kopo moja la sukari la watu wote. Asubuhi moja nilijikuta nimechota nusu kijiko, nikakigonga kwenye ukingo wa kopo kipungue zaidi, na nikakoroga. Mimi napenda chai ya sukari nyingi. Nilikuwa nimeinywa chungu tangu siku niliyoajiriwa, na hakuna aliyenikataza.

Nikamwona mama kwenye ukingo wa kiti, sauti ndogo, mkoba juu ya magoti. Nikamwona ofisini Dowa akisema haina shida kwa mambo yenye shida, na kanisani akikaa benchi la nyuma wakati mbele kuna nafasi. Miaka yote ile katika nchi hii alikuwa akichota kila kitu kwa kupangusa na kidole, na siku ile Kawale, mbele ya macho yangu, aliacha. Niliona gobeleti ikitoka na kichwa kwenye gunia la watu, nami nikawa nashughulika na kalamu.

Nilirudisha kijiko kwenye kopo la ofisi. Nikachota kilichojaa, na kichwa chake juu, nikamimina, nikachota kingine. Mwenzangu mmoja alinisogezea kopo niweze kulifikia vizuri, akaendelea na mazungumzo yake. Chai ikawa tamu kupita kiasi, na niliinywa yote.